Kusikia kwa Kidole

Kiswahili kina ukarimu mmoja ambao sikuwa nimeutambua mpaka nilipokalia ndoo ya plastiki juu ya ziwa lililoganda. Tunasikia sauti, tunasikia baridi, tunasikia njaa, tunasikia harufu ya samaki wa kukaanga tungali mlangoni. Kitenzi kimoja kinabeba masikio, ngozi, tumbo na pua. Basi mzee aliyetukaribisha kibandani kwake alinipa kiufito kifupi, urefu wake kama kutoka kiwiko changu hadi ncha za vidole, akakichukua kidole changu cha shahada na kukiegemeza kwenye mshipi, akatamka neno moja la Kiingereza ambalo kichwani mwangu liligeuka lenyewe: sikia.

Nilisikia baridi.

Tulikuwa Mille Lacs, ziwa lililo kaskazini ya Minneapolis, katika jimbo la Minnesota. Jina hilo ni la Kifaransa, maana yake maziwa elfu. Waojibwe, ambao ndio wenyeji, huliita Misi-zaaga'igan, yaani ziwa kubwa, na ukisimama katikati yake utaona nani kati ya hao wawili alikuwa akitazama vizuri. Eneo lake ni karibu theluthi moja ya kisiwa cha Unguja, ila kina chake hakifiki mita 14 popote. Ikifika Januari ziwa hilo huwa mtaa. Kuna njia zilizosafishwa theluji, magari yanapishana, na kandokando vibanda kwa mamia na maelfu, vya mbao, vya bati, vya turubai, vingine vikitoa moshi kama majiko ya mama ntilie alfajiri.

Aliyenipeleka ni rafiki yangu wa Kisumu, muuguzi anayeishi Brooklyn Park, kitongoji cha Minneapolis chenye Wakenya wengi. Yule mzee ni jirani yake, seremala aliyestaafu. Mimi ni mtoto wa Tanga. Babu yangu alivua kwa mshipi, usiku, katika ngalawa, taa ya karabai ikining'inia ubavuni, kwa hiyo nilikwenda huko na kiburi kidogo cha mtu anayedhani anajua kungoja samaki ni nini.

Kiburi kilianza kunitoka kabla hatujafika kibandani. Asubuhi ile mzee alitaka kwanza kukagua sehemu mpya, na hapo nikaiona zana yake ya kwanza, mtaimbo wa chuma wenye ncha iliyonolewa kama patasi. Alitembea mbele, sisi nyuma kwa nafasi, na kila hatua chache aliudondosha mtaimbo mbele ya buti zake. Hakuupiga kwa nguvu, aliuacha uzito wake ufanye kazi. Barafu nene hujibu kwa mlio mfupi, mzito, kama kugonga sakafu ya zege. Ikipungua unene mlio huwa na uwazi ndani yake, kama mtungi usio na maji. Mara moja alisimama, akaudondosha tena mahali palepale, akasikiliza, akapinda kushoto bila kusema kitu. Tukapinda naye.

Idara ya maliasili ya jimbo ina vipimo vyake na kila mvuvi anavijua kwa moyo. Inchi 4 za barafu safi, sawa na sentimita 10, kwa mtu anayetembea. Kwa gari la pikapu ni inchi 13 hivi. Lakini vipimo hivyo ni vya barafu angavu, ile ya mwanzo wa msimu inayoonekana nyeusi kwa kuwa unaona maji kupitia kwake. Barafu nyeupe, iliyochanganyika na theluji na mapovu ya hewa, nguvu yake ni kama nusu, hivyo unene unaotakiwa ni mara mbili. Theluji nayo inadanganya kwa namna yake: ni blanketi. Ikianguka nyingi mapema, huikinga barafu isipoe, na barafu haikui. Mgeni huona weupe mwingi akadhani ndiyo salama. Mzee huona weupe mwingi akautafuta mtaimbo.

Shingoni alikuwa amevaa vishikio viwili vya mbao vyenye misumari mwishoni, vimeunganishwa kwa kamba. Hivyo ni vya kujivutia nje mtu akitumbukia, maana barafu iliyolowa haishikiki kwa mikono mitupu. Na tulipoingia na gari aliteremsha vioo, akafungua mkanda, akaenda taratibu kama anayepita mbele ya msikiti wakati wa sala. Gari likienda kasi juu ya barafu husukuma wimbi chini yake, na wimbi hilo likifika pembeni penye maji machache linaweza kuivunja.

Kisha keekee. Seremala yeyote wa pwani angeitambua: ni ileile ya kutobolea mbao, ila imekuzwa mpaka inatoa tundu la upana wa sahani. Siku hizi nyingi zina injini au betri. Mzee anayo ya injini pia, lakini kibandani hutumia ya mkono, aina ya Mora kutoka Sweden, na sababu aliyoitoa ni ya fundi: ya mkono inakwambia umefika wapi. Alisimama miguu wazi, kiganja kimoja juu ya kirungu, kingine kikizungusha, mgongo umenyooka, na makali yakaanza kutoa maganda ya barafu yaliyojikunja kama randa inavyotoa maganda ya mvule. Hakuikandamiza. Mimi nilipopewa zamu niliikandamiza kwa kifua kizima, ikakwama. Akaniondoa kwa upole wa mtu aliyekwisha kuwafundisha wengi kazi ya mbao na kuona mengi yakiharibika. Karibu na mwisho sauti inabadilika, inakuwa laini, kisha keekee inazama ghafla na maji meusi yanapanda yakiguguma hadi karibu na ukingo. Huo mgugumo sijausahau. Ni ziwa linavuta pumzi.

Na upawa! Sikutarajia kukutana na upawa huko. Wao wana wa bati wenye matobo, na kazi yake ni kuchota vipande vya barafu vinavyoelea tunduni na kuondoa utando mpya unaojitengeneza kila baada ya muda. Kwa baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri tundu halikupi ruhusa ya kusinzia. Hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya kila mwanafunzi: kushika upawa na kuhakikisha mlango wa samaki haufungwi.

Niseme hapa jambo ambalo bila yake uvuvi huu usingekuwapo. Maji huwa mazito kuliko wakati wowote yakiwa kwenye nyuzi 4 za Selsiasi. Hewa inapoanza kupoa, maji ya juu hupoa, huwa mazito, huzama, na mengine hupanda kuchukua nafasi, mpaka ziwa lote lifike nyuzi hizo 4. Kuanzia hapo maji yanayozidi kupoa huwa mepesi, hubaki juu, na ndiyo yanayoganda. Barafu inaelea. Huku juu ndevu za mzee zimeganda, huko chini karibu na tope pana nyuzi 4, giza la kiasi, na samaki hai chini ya paa lao. Wamepoa kwa kuwa miili yao hufuata joto la maji. Hawana haraka, hawakimbizi chambo, na wakiuma huuma kama mtu anayeonja chumvi kwenye mchuzi.

Kwa hiyo kidole. Anayetafutwa Mille Lacs hasa ni wolai, samaki wa ukoo wa pechi, ambaye tangu 1965 ndiye samaki rasmi wa jimbo. Jicho lake lina tabaka linalorudisha mwanga kama jicho la paka, hivyo huona vizuri kwenye giza hafifu, na mlo wake ni alfajiri na magharibi. Rafiki yangu wa Kisumu anamwita binamu wa mbuta. Nilimwambia hawana undugu wa karibu. Akanijibu, "Bwana, mimi nimekula wote wawili. Wewe umesoma."

Wakati wa mchana hutafutwa wadogo, pechi wa manjano na wengine bapa wa upana wa kiganja, na hao ndio walimu wakali. Kijiwe cha risasi au tangsteni kidogo kuliko punje ya hindi, ndoana ndogo, funza mmoja juu yake. Mzee alikuwa akikichezesha kwa ncha ya ufito tu, mtikisiko mdogo wa haraka, kisha kimya, kisha kukipandisha polepole kama kitu kinachotaka kutoroka. Alinieleza siri yao: wengi wa hawa hula kutoka chini wakielekea juu. Samaki anapokifyonza kijiwe na kuinuka nacho, mshipi hauvutwi. Unalegea. Ule uzito mdogo uliokuwa ukiusikia kwenye kidole unatoweka, basi. Mwanafunzi anangoja kuvutwa, na samaki amekwisha tema na kuondoka. Fundi anasikia kutokuwapo.

Babu yangu alikuwa na neno kama hilo kuhusu chubwi. Akivua kwenye mwamba alisema chubwi likikosa kuzungumza, ama limelala chini ama limepata mwenyeji. Nilikuwa nimelisahau kabisa. Lilinijia pale, juu ya maji yaliyoganda, nusu ya dunia kutoka Tanga.

Ilipokaribia saa kumi alasiri uzito ulitoweka kidoleni. Niliinua mkono kabla sijafikiri. Pechi, mrefu kidogo kuliko kiganja, mistari ya kijani ubavuni, mapezi ya rangi ya chungwa kama kanga mpya. Mzee hakugeuka hata kumtazama. Alikuwa amekwisha kusikia pumzi yangu ikibadilika, na alichofanya ni kusogeza ndoo kwa mguu ili nimtie.

Kibanda chenyewe alikijenga kwa mikono yake, mbao nyembamba, mabenchi mawili, matundu manne kwenye sakafu, jiko dogo la gesi na kidirisha kisichofungwa hata baridi ikizidi, kwa sababu hewa ya jiko katika chumba kilichozibwa huua bila kupiga hodi. Kimewekwa juu ya magogo. Asingefanya hivyo joto la ndani lingeyeyusha barafu chini, maji yangeganda tena usiku, na ifikapo Machi, mwezi ambao sheria inataka vibanda viondolewe, angekuta kuta zimeshikwa kama nguzo katika saruji. Kila wiki mbili tatu huenda kukiinua na kupanga magogo upya. Nje ameandika jina na anwani yake, kama sheria inavyotaka kwa kibanda kinacholala ziwani. Sheria inamruhusu pia kila mvuvi mishipi miwili akiwa juu ya barafu, wakati kiangazi ni mmoja tu. Wa pili huachwa kwenye mtego wa bendera: samaki akivuta, bendera ndogo huruka juu. Na bendera ikiruka huko nje, ndipo unapowaona watu wazima wa miaka 70 wakikimbia kwenye barafu kama watoto wa chandimu.

Ugeni wa humo una adabu zake. Tundu zuri anapewa mgeni. Haulizwi mtu jana alipata wangapi, anaulizwa kahawa. Majirani wa vibanda vingine hupiga hodi, huingia pamoja na kipande cha baridi, hukaa, hutazama tundu lako badala ya uso wako, na mazungumzo huja kwa mafungu yenye ukimya mrefu katikati ambao hakuna anayeuonea haya. Nadhani ni kwa sababu kila mtu ana pa kutazama. Wanaume wawili wakiangalia tundu moja wanaweza kuambiana mambo ambayo sebuleni yasingetamkika. Mmoja aliingia akakaa nusu saa, akasema mkewe ametolewa hospitali, akanywa kahawa, akaondoka. Mzee akasema tu, "Vizuri." Kisha akachukua upawa akasafisha tundu ambalo lilikuwa safi.

Rafiki yangu alikaanga wolai wa jana yake kwa mafuta mengi, akasonga ugali kwenye kisufuria juu ya jiko lile, mwiko ukigonga ukuta kila akizungusha kwa ufinyu wa nafasi. Mzee alikula kwa mkono. Alikuwa amekwisha fundishwa, nikaona. Alimega tonge, akalibonyeza kwa dole gumba, akachota. Jirani aliyeingia akiwa na soseji za nyama ya paa alitazama, akavua glavu bila kuuliza.

Si wote wanaovua hivi, na sitajifanya. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mtu wa Minnesota aitwaye Dave Genz aliwafungua wavuvi kutoka vibandani kwa hema dogo lililofungwa juu ya kigari cha kuburuta, ambalo mtu hulifunika na kulifunua kwa mkono mmoja. Yeye na wenzake walihimiza kuhama, kutoboa matundu mengi, na kumtafuta samaki kwa chombo cha mwangwi kinachoonyesha kwa mistari ya rangi kila kinachopita chini, hata kijiwe chako mwenyewe. Nilikitazama cha jirani. Unaona mstari unapanda kukielekea kijiwe, unasimama, unatafakari, unarudi. Ni ajabu, nakubali, na kwa Genz wenyewe wanasema uvuvi wa barafu ulizaliwa upya. Ila niliona pia jicho likipewa kazi yote na kidole kikilala. Kuhusu zile nyumba za magurudumu zenye vitanda, oveni na televisheni, sina ugomvi nazo. Naona tu kwamba mtu amesafiri mbali sana ili akae nyumbani.

Kinyume chake ni kibanda cha giza. Waojibwe walivua hivi tangu zamani, wakijilaza juu ya tundu wakiwa wamejifunika, na wengine wakajifunza. Hakuna dirisha wala taa. Tundu ni kubwa, la mraba, na kwa vile ndani ni giza tupu, mwanga unaopenya barafu kutoka nje unayaangaza maji kutoka chini, kijani, kama kioo kilichowashwa. Wengine humwaga maganda ya mayai chini ili kivuli kinachopita kionekane. Mvuvi anashika kamba yenye samaki wa kuchonga, wa mti, aliyetiwa risasi tumboni na mapezi ya bati, ambaye ukimvuta kidogo huogelea kwa mzunguko. Mkono mwingine unashika chusa. Anayengojwa ni paiki, mrefu, wa meno, ambaye huja kumkagua yule wa mti. Samaki hao wa kuchonga, hasa wa Waojibwe wa Lac du Flambeau upande wa Wisconsin, sasa wanatafutwa na wakusanyaji wa sanaa. Mzee anaye mmoja, rangi imembanduka mgongoni. Alikuwa wa baba yake. Alinionyesha tu, sikupewa kumshika.

Kila Januari, kwenye ziwa Gull karibu na Brainerd, maelfu ya watu hukusanyika kwa shindano la hisani, na matundu yapatayo 20,000 hutobolewa kwenye ghuba moja. Ghuba hiyo ina jina la chifu wa Kiojibwe, Bagone-giizhig, ambalo maana yake ni tundu la angani. Mzee alikwenda mara moja. Anasema kelele za keekee zilimpa homa.

Tulilala kibandani. Usiku baridi ilipokaza, ziwa lilianza kusema. Barafu husinyaa na kutanuka joto linapobadilika, inapasuka kwa mistari mirefu, na sauti zinasafiri ndani yake, zile nyembamba zikitangulia na zile nene zikifuata, hivyo kutoka mbali unasikia kitu kama waya unaokatwa angani, na kutoka karibu ngurumo inayopita chini ya benchi ulilolalia. Nilikaa wima. Mzee alicheka gizani. Akasema barafu inayolalamika inakua. Anayoiogopa yeye ni ile ya Machi, inayooza kimya.

Na siku hizi hata Desemba. Majira ya baridi ya 2023 hadi 2024 yalikuwa ya joto kuliko yote yaliyowahi kuandikwa Minnesota. Mwisho wa Desemba ile, kwenye ziwa Upper Red, pande la barafu lilimeguka likachukua zaidi ya watu 100, wakaokolewa kwa boti. Kibanda cha mzee mwaka ule kilikaa uani kwake, juu ya magogo yaleyale, na rafiki yangu anasema kuna jioni alimkuta ameketi ndani yake, sakafuni matundu manne yanatazama majani.

Usingizi ulikuwa umetuacha sote. Mzee akaniuliza, kwetu watu wanavua juu ya nini. Nikamweleza ngalawa: gogo la mwembe lililochongwa, matengo mawili, tanga, na babu yangu humo usiku kucha na mshipi kidoleni. Aliuliza maswali ya seremala, mti wenyewe, namna ya kuuchonga, namna ya kuziba ufa. Kisha akauliza unene wa ubao ulio kati ya mtu na bahari.

Nikafikiri kidogo. Nikamwambia inchi moja, pengine moja na nusu.

Ziwa likanguruma, likanyamaza. Nikamsikia akigeuka kwenye benchi lake.

"Mimi," akasema, "hapo sikanyagi."